Shujaa wa Pointi 100 Ana Nguvu Kiasi Gani Hasa?

Leo tuweke kando seva na lugha za programu, tuzungumzie michezo ya mezani, ile ya vijisanamu vya mashujaa vinavyosogezwa juu ya ramani huku dadu zikirushwa. Msinikimbie lakini. Hesabu ipo, tena ni hesabu ambayo kila mtu anayeandika programu amewahi kugongana nayo.

Wapenzi wa michezo hii wana tabia moja: kumpa kila mhusika alama. Nguvu 9, kasi 6, akili 8, jumla 23, kwa hivyo anamshinda yule mwenye 21. Vitabu vya Marvel vinavyoorodhesha wahusika wake navyo vimetumia kipimo cha 1 hadi 7 kwa akili, nguvu, kasi na mengineyo. Kwa kusoma na kubishana, ni burudani tosha. Lakini mkishaketi mezani, jumla za aina hii zinadanganya. Maoni yangu ni kwamba uwezo wa shujaa huzidishana badala ya kujumlishwa, na thamani yake haijulikani mpaka ujue anapambana na nani na yuko pamoja na nani.

Nitatumia HeroClix, mchezo uliotolewa na kampuni ya WizKids mwaka 2002. Chini ya kila kijisanamu kuna kisahani kinachozunguka. Kwenye kidirisha chake zinaonekana namba nne: mwendo, shambulio, ulinzi na madhara. Shujaa akiumia, unazungusha kisahani, kinalia klik, na namba nyingine zinajitokeza. Rangi iliyozunguka namba ndiyo inayokueleza ana uwezo gani wa ziada kwa wakati huo. Ukitaka kushambulia, unarusha dadu mbili na kuongeza namba yako ya shambulio. Ukifikia ulinzi wa adui au kuupita, umempata. Kila shujaa ana bei yake ya pointi. Wachezaji hukubaliana kikomo, mara nyingi 300, halafu kila mmoja anapanga kikosi kisichozidi hapo.

Moja ni moja?

Tuanze na jambo dogo kabisa. Shujaa ana ulinzi wa 17. Mwenzake anafanana naye kwa kila kitu ila ana 18. Hiyo nyongeza ya 1 ina thamani gani?

Dadu mbili zina matokeo 36. Adui mwenye shambulio la 10 anahitaji 7 au zaidi ili kumpata wa 17, na matokeo yanayomfaa ni 21. Kumpata wa 18 anahitaji 8, na yanayomfaa ni 15. Amepoteza matokeo 6 kati ya 21, yaani kama asilimia 29 ya mapigo yake.

Sasa badilisha adui. Mwenye shambulio la 12 anashuka kutoka matokeo 30 hadi 26, hasara ya kama asilimia 13. Mwenye shambulio la 8 anashuka kutoka 10 hadi 6, hasara ya asilimia 40. Nyongeza ni ile ile, kijisanamu ni kile kile, lakini faida inaweza kuwa mara tatu kulingana na nani yuko upande wa pili wa meza. Anayesema "ulinzi 18 ni alama 9 kati ya 10" hajatuambia kitu bado.

Uwezo juu ya uwezo

Ngoja tuendelee. HeroClix ina uwezo unaoitwa Toughness, unaopunguza madhara kwa 1. Upo Invulnerability, unaopunguza kwa 2. Upo pia Super Senses: shujaa akipigwa anarusha dadu moja, na akipata 5 au 6 amekwepa.

Chukua adui yetu mwenye shambulio la 10 na madhara 3, dhidi ya shujaa mwenye ulinzi wa 17 asiye na uwezo wowote wa ziada. Kwa wastani, kila shambulio linamgharimu klik 1.75. (Nimeacha kanuni maalum za kupata 2 au 12 ili hesabu isiwe ndefu.) Tumwongezee kinga, moja baada ya nyingine, na kuangalia atadumu mara ngapi zaidi:

- Ulinzi kupanda hadi 18: mara 1.4
- Super Senses: mara 1.5
- Invulnerability: mara 3

Anayejumlisha atasema nyongeza ni 0.4, 0.5 na 2, kwa hivyo shujaa mwenye zote tatu anadumu mara 3.9. Ukweli ni 1.4 × 1.5 × 3, yaani mara 6.3. Ni kwa sababu kila kinga inafanya kazi juu ya kile kidogo kilichopita kwenye kinga nyingine. Hapo ndipo wanapozaliwa wale mashujaa wanaolalamikiwa kwamba hawafi. Ukitazama kila uwezo peke yake hutaona kosa lolote.

Kisha mlete adui mwenye madhara 5. Invulnerability inayashusha hadi 3, kwa hivyo ile mara 3 imekuwa kama mara 1.7 tu. Au mlete adui mwenye Outwit, uwezo wa kufuta kwa muda uwezo mmoja wa mpinzani. Dhidi ya shujaa anayetegemea Invulnerability, Outwit ni dhahabu. Dhidi ya kikosi cha watu wa kawaida wasio na uwezo wowote, haina cha kufuta.

Uwezo wa kusaidia wenzako nao una shida yake. Perplex hukuruhusu kuongeza au kupunguza 1 kwenye namba moja ya mhusika. Je, hiyo ni sifa ya aliye nayo au ya anayesaidiwa? Mwenye Perplex akiachwa peke yake mezani ni mtu dhaifu. Mweke nyuma ya mpigaji hodari, bei yake inarudi mara kadhaa. Wacheza bao wanaelewa jambo hili bila kufundishwa: kete zote ni sawa, nguvu hutokana na shimo zilipo na zamu ni ya nani.

Zamu nazo ni mali

Kuna kitu kingine ambacho orodha za alama hukisahau kabisa. Katika HeroClix unapata kitendo kimoja kwa kila pointi 100 za mchezo. Mchezo wa 300 una vitendo vitatu kila zamu. Ila kijisanamu kimoja hakiwezi kupewa zaidi ya kitendo kimoja katika zamu, na kikitenda zamu mbili mfululizo kwa kawaida kinaumia kwa uchovu, kisha lazima kipumzike.

Kwa hivyo jitu moja la pointi 300 linatumia kitendo kimoja na kuacha viwili vipotee. Mpinzani mwenye watu watatu wa pointi 100 anatumia vyote. Kwenye karatasi ni 300 kwa 300. Mezani, jitu lazima liwe bora kupita kiasi ili lilingane tu. Mwenye programu ataona mara moja: kununua kichakataji kimoja cha kasi ya ajabu si sawa na kununua vitatu vya wastani, na kipi ni bora inategemea kazi yenyewe.

Kwa nini tujali?

Kuna watakaosema, "Ndugu, ni mchezo tu, kwani lazima kukokotoa?" Nawaelewa. Lakini pointi ndiyo haki ya mchezo huu. HeroClix kwa sehemu kubwa imeuzwa katika pakiti zilizofungwa, hujui ndani mna nani mpaka ulipe. Pointi zikikadiriwa vizuri, kijana mwenye vijisanamu sita anaweza kukaa na mwenye mia sita na wakapambana kwa usawa. Zikikadiriwa vibaya, wachache wanageuka kuwa wa lazima, bei zao zinapanda, na mshindi anajulikana kabla dadu haijarushwa: ni mwenye pesa zaidi.

Wapo pia wanaosema kwamba ikiwa hesabu haiwezi kuwa kamili, basi bora pointi ziondolewe. Hilo limeshajaribiwa. Games Workshop ya Uingereza ilitoa Age of Sigmar mwaka 2015 bila pointi kabisa: lete vijisanamu unavyotaka, mwelewane. Wachezaji wengi hawakuridhika, wakaanza kutunga mifumo yao ya kulinganisha vikosi. Mwaka 2016 kampuni ikatoa kitabu cha General's Handbook, na pointi zikarudi. Hata kipimo chenye kasoro kinawapa watu wawili wasiojuana pa kuanzia.

Kinachofaa, kwa maoni yangu, ni kuzichukulia pointi kama bei inayoweza kurekebishwa. Katika Warhammer 40,000, pointi hutangazwa upya mara kwa mara bila kugusa kijisanamu chenyewe. Kikosi kikishinda kupita kiasi, bei yake inapanda. Sisi tungesema thamani imewekwa kwenye faili ya mipangilio. HeroClix ilichapa pointi pamoja na kijisanamu, kwenye kitako au kwenye kadi yake, na hiyo ni sawa na kuandika namba ndani ya msimbo, kisha ukasambaza nakala kwa watu elfu nyingi. Ukigundua umekosea, utaipata wapi kila nakala?

Kwa hivyo ukitaka kumpima shujaa, achana na jumla ya alama. Jiulize matatu. Kwanza, dhidi ya maadui ninaokutana nao kweli, wenye shambulio la ngapi na madhara mangapi, huyu atadumu mashambulio mangapi? Pili, kwa pointi hizo hizo ningeweza kununua nani wengine, na vitendo vyangu vingetumika vizuri zaidi? Tatu, akiumia, kisahani chake kinasemaje? Maana wapo wanaoanza kwa kishindo na kulegea klik ya pili, na wapo, kama baadhi ya Hulk, wanaozidi kuwa hatari kadiri unavyowachokoza.

Swali la kwanza unaweza kulijibu kwa kalamu, karatasi na jedwali la matokeo 36. Hata tarakilishi huhitaji. Ukiwa nayo, mistari ishirini ya programu inaweza kuwapiganisha mashujaa wawili mara elfu kumi ukinywa chai. Fanyeni hivyo kabla ya kununua pakiti nyingine kwa sababu mtu fulani alimpa shujaa wake 9 kati ya 10.

Haya, tuonane wiki ijayo. Nitarudi kwenye mambo ya seva.