Kukandwa ni nusu ya tiba, nusu nyingine ni juu yako

KIJANA wa Garsen, mwili wako ndio mtaji wako. Uwe unaendesha bodaboda kutoka Minjila, unapakia maembe, unapiga kasia kwenye Mto Tana au unachunga ng'ombe, jioni yanayouma ni yale yale: mgongo, mabega na vigimbi. Ndipo unamwendea mama au mzee anayejua kukanda, anakuchua kwa mafuta ya simsim mpaka misuli inalegea.

Hapo hakuna ubaya. Shida ni kwamba wengi wakiinuka tu kwenye mkeka, wanarudi uwanjani au kubeba magunia saa hiyo hiyo, ati wako fiti.

Bado hujawa fiti. Kukandwa hupunguza maumivu na kukakamaa kwa muda, lakini hakuungi nyuzi za msuli zilizochanika. Maumivu ya kazi nzito kwa kawaida huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Ukiongeza mzigo kabla msuli haujapona, mchubuko mdogo unaweza kuwa jeraha la wiki kadhaa.

Basi ufanye nini? Jipe siku moja au mbili bila kazi nzito wala mechi, lakini usilale tu kutwa. Tembea polepole, nyoosha viungo taratibu bila kulazimisha. Kunywa maji ya kutosha, si kwa sababu "yanaosha sumu" iliyotolewa na mkandaji, bali kwa sababu joto la kwetu linakausha mwili. Kula samaki, maharagwe, mayai au maziwa, kisha ulale vizuri. Na usimeze dawa ya maumivu ili tu upate kucheza. Maumivu ni onyo.

Kuna wakati hufai kukandwa kabisa. Ukiteguka leo na mguu umevimba, kuuchua au kuukanda kwa maji moto kutazidisha uvimbe. Upumzishe, weka kitu baridi kilichofungwa kwa kitambaa, uuinue. Usipoweza kuukanyaga, huenda mfupa umevunjika. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa na joto na kuuma bila kuumia popote, usikubali kiguswe: huenda ni damu iliyoganda, nayo ikisafiri hadi kwenye mapafu inaua. Ganzi isiyoisha au mkojo mweusi pia ni habari ya hospitali, si ya mkeka.

Tunajua anayelipwa kwa siku hapumziki kirahisi. Lakini hesabu ni rahisi: siku mbili za kukaa, au mwezi mzima wa kuchechemea bila kipato. Makocha nao waache kumrudisha mchezaji uwanjani kwa kuwa amekandwa jana. Na serikali ya kaunti ihakikishe wataalamu wa fiziotherapia wanapatikana karibu, maana si kila kijana ana nauli ya kufika Hola au Malindi.

Mkandaji amemaliza kazi yake. Sasa fanya yako.