Jasho la Kujitolea Lihesabiwe

Mkazi mwenzangu wa Eldoret, umelala? Amka tuambizane ukweli.

Yule mama mhudumu wa afya ya jamii anayebisha mlangoni kwako huko Langas, begi mgongoni, mashine ya presha na simu mkononi, wajua anapewa nini? Shilingi 5,000 kwa mwezi. Serikali kuu 2,500, kaunti 2,500. Anahudumia nyumba kama 100. Piga hesabu mwenyewe: shilingi 50 kwa nyumba, mwezi mzima!

Na hizo hizo huchelewa. Ukiuliza, Nairobi inanyooshea kaunti kidole, kaunti inanyooshea Nairobi. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi.

Septemba 2023, Rais Ruto aliwazindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii kwa shangwe kubwa. Mwezi uliofuata akatia saini Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi. Vyema. Lakini miaka waliyojitolea iko wapi?

Wengi wao walianza zamani, bila malipo. Walisaka watoto waliokosa chanjo. Waliwahimiza wajawazito waende kliniki. Walihakikisha mgonjwa wa kifua kikuu amemaliza dawa. Leo kazi ya afya ikitangazwa, nani anaiulizia miaka hiyo? Ni tangazo gani umeona likisema kujitolea ni uzoefu?

Msiniambie haiwezekani! Kila ziara huingizwa kwenye simu ya kazi. Serikali ikitaka takwimu za kutangaza, inazipata. Basi takwimu hizo hizo zimfae aliyezitolea jasho. Kanuni ziandikwe: cheti cha miaka ya utumishi, kipaumbele kwenye mafunzo, kipaumbele kwenye ajira, na tarehe ya malipo isiyochezewa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama huyu akichoka, ataweka begi chini arudi kuuza mboga. Sukari ya mzazi wako itajulikana siku atakapozimia. Presha ya mkeo mjamzito itagunduliwa leba. Utakesha kwenye foleni ya Hospitali ya Rufaa ya Moi ukitafuta wa kumlaumu.

Kaunti ikiita wananchi watoe maoni ya bajeti, wewe huwa wapi? Wanaoenda ni wale wale, nasi hubaki nyumbani tukinung'unika. Safari hii nenda. Simama umuulize mwakilishi wako wa wadi: jasho la wahudumu wetu litahesabiwa lini? Na usikae chini kabla hajajibu.