Madagaska Haikukombolewa

Hapa Matwebe, kijana aliyemaliza sekondari anamjua de Gaulle. Hajui kuwa Watanganyika walimwekea kisiwa mkononi.

Mwaka 1942 Wafaransa walikuwa wamegawanyika: serikali ya Vichy ilipatana na Hitler, Wafaransa Huru wa de Gaulle walikataa. Madagaska ilishikwa na Vichy. Mwezi Mei Waingereza walitua Diego Suarez. Septemba wakauteka mji mkuu. Novemba Vichy wakasalimu amri. Katika safari ile ndefu ya kusini walikuwemo askari wa KAR, pamoja na batalioni ya 6, ya Tanganyika.

Januari 1943 kisiwa kikawa chini ya Jenerali Legentilhomme, mtu wa de Gaulle. Vitabu vinaita huo ukombozi. Mimi nauita makabidhiano. Wamalagasi hawakuulizwa, na walipodai uhuru wao mwaka 1947, Ufaransa iliyojiita huru iliwaua kwa maelfu.

Tumezoea kusema tembo wakipigana ziumiazo ni nyasi. Safari hii nyasi zilivalishwa sare, zikapewa bunduki, zikatumwa kuumiza nyasi wenzao. Tusiwafundishe wadogo zetu kushangilia hilo.