Lami ikifika, baiskeli ya ndizi ipite wapi?

Msikilizaji wetu wa Karagwe na Kyerwa, Septemba 2025 majirani zetu wa Kigali waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Rwanda ina pia njia ya Kongo-Nile kando ya Ziwa Kivu, ambako wageni huendesha baiskeli vijijini na kulipia chakula na malazi.

Je, na sisi? Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa zilipandishwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, lakini huko huingii bila kibali, sembuse na mkungu wa ndizi. Njia ya maana kwetu iko nje ya hifadhi: barabara za changarawe za vijijini, zilizo chini ya TARURA.

Barabara ya Omurushaka hadi Murongo ikiwekwa lami, malori yataongeza mwendo. Mwenye mikungu minne nyuma, breki yake ni kandambili, atakimbilia wapi? Njia za pembeni zikichongwa na kuwekewa makalavati, huyo ndiye wa kwanza kufaidika. Mtalii atamfuata.

Mkutano wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Itaje njia yenu hapo, diwani aipeleke halmashauri.