Deni hailipwe mu kasho: walionyanyaswa na Banki Lambert walipwe hasara yao

Vijana wenzetu wa Masisi na Walikale, na ninyi wote mulioko Goma na kwengineko juu ya vita,

Kuna jambo ambalo watu wetu wanalisema kwa sauti ya chini tu: madeni. Hatusemi juu ya deni ya banki yenye kibali, maana mu vijiji vingi vyetu banki haijafikaka. Tunasema juu ya Banki Lambert, ule mutu wa kartie mwenye kukopesha leo na kudai mara mbili kesho, bila karatasi ya kueleweka, bila leta kumuuliza kitu.

Hesabu yake ni hii. Ukikopa dola 100 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, mwezi wa kwanza unadaiwa 130. Ukikosa, riba inazaa riba: mwezi wa pili 169, mwezi wa tatu karibu 220. Mwalimu ambaye mushahara wake unachelewa miezi tatu ataitoa wapi?

Na ubaya hauishie ku riba. Ubaya mkubwa ni namna ya kudai. Mwalimu anaacha kadi yake ya banki na namba ya siri kwa mdai, na kila mushahara ukiingia, mwingine ndiye anautoa. Mama muuzaji anaona watu wanabeba mabati, mbuzi ao karatasi ya kiwanja bila tribinali yoyote kuamua. Mchimbaji anakopeshwa chakula na chepeo, kisha anauza madini kwa bei ambayo mkopeshaji mwenyewe amepanga. Na mwenye kubisha anatishwa: « Nitakupeleka mu kasho. » Mara nyingi wanampeleka kweli. Deni inaandikwa « abus de confiance », na familia inatafuta feza ingine ya kumutosha. Hiyo feza wanaikopa wapi? Kwa Lambert mwingine.

Tuseme wazi: dawa ya deni ni kulipa, wahenga walisema, na sisi hatukatae. Kati ya wanaokopesha kuna wajane na wafanyabiashara wadogo ambao nao wanalisha watoto. Feza yao irudi. Lakini kurudisha feza ni kitu moja, kumvua mutu utu wake ni kitu ingine.

Sheria iko. Kongo iliingia mu Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa tangu 1976, na kifungu chake cha 11 kinakataza kufunga mutu juu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Kifungu cha 18 cha Katiba yetu kinasema polisi haiwezi kushikilia mutu kupita masaa 48 bila kumfikisha mbele ya wenye sheria. Tangu 2012 tuko mu OHADA, na sheria zake zinamtaka mdai apitie tribinali mbele ya kukamata mali ya mwenye deni. Na kifungu cha 258 cha Kodi sivili, kitabu cha tatu, kinasema kwa kifupi: aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, airekebishe. Maana yake, fidia siyo huruma. Ni haki.

Hata kwengine ilifanyika. Uingereza, kampuni ya Wonga ilikuwa inakopesha watu feza ya kungojea mushahara. Ilituma barua za vitisho kwa majina ya maofisi ya maavoka ambayo hayakuwako kabisa. Mwaka 2014 wenye kuchunguza mabanki waliilazimisha kulipa fidia ya pauni milioni 2.6 kwa wateja karibu 45,000. Kenya, mu Septemba 2023, Kamishna wa kulinda data alitoza kampuni ya Mulla Pride shilingi 2,975,000 juu ya jumbe na simu za vitisho kwa kutumia namba za watu. Tanzania, mu Novemba 2024, Banki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo mu simu zisizokuwa na kibali.

Lakini tujifunze na upande wa pili. Amende inaingia mu sanduku ya leta. Aliyetukanwa hapati kitu mpaka adai fidia yake mwenyewe. Na kuchelewa kunaua haki: Wonga ilianguka mu Agosti 2018, na wateja waliopewa mikopo isiyowafaa walipata mu 2020 asilimia 4.3 tu ya fidia waliyostahili. Kwetu Lambert hana hata ofisi ya kufunga. Akihama, amehama na haki yako.

Na vita imezidisha yote. Banki za Goma zilifungwa mwisho wa Januari 2025. Aliyekimbia Masisi-centre mu Januari ao Walikale-centre mu Machi hakukimbia deni, alikimbia risasi. Kumhesabia riba ya miezi aliyolala chini ya sheeting ni kula juu ya maiti.

Kwa hiyo tunadai:

1. Hakuna mutu kufungwa juu ya deni. Walioko mu kasho kwa sababu hiyo watoke leo, na feza waliyotozwa ili watoke irudishwe.

2. Kadi za banki, kadi za uchaguzi na karatasi za viwanja zirudishwe kwa wenyewe.

3. Riba iliyopita kiasi ihesabiwe kama malipo ya deni yenyewe. Iliyozidi irudi. Mali iliyobebwa bila tribinali irudi ao ilipwe bei yake.

4. Riba ya miezi ya kukimbia vita ifutwe.

5. Serikali ilipe mishahara kwa wakati, pamoja na ile ya nyuma. Mushahara unaochelewa ndio unampelekea Lambert wateja.

Na wewe unayesoma, usingoje tribinali zirudi ndipo uanze. Andika mu kayee: tarehe, feza uliyopewa, kila feza uliyolipa, kitu walichobeba, mashahidi waliokuwako. Chunga mesaji za vitisho na za malipo ya simu, usizifute. Usiache namba yako ya siri kwa mutu yeyote. Wakikamata ndugu yako, nendeni wengi, muulize kwa heshima: anashitakiwa kosa gani, na tangu saa ngapi?

Sisi wenyewe tuko na diploma mkononi na kazi hakuna. Tunajua njaa inavyomsukuma mutu kutia sini ku karatasi ambayo hajasoma. Njaa siyo kosa. Deni siyo wizi. Tutalipa tunachodaiwa kwa haki, na tutadai tulichonyanganywa, mpaka franka ya mwisho.