Mtu wa Kwetu na Mtu wa Kazi

Shule niliyosoma huko Masisi ilipotafuta kocha wa timu ya mpira, sisi wanafunzi wa zamani tuliombwa maoni kwa simu. Majina yalikuwa mawili. Wa kwanza alikuwa nahodha wetu wa zamani, mtu mchangamfu anayeishi Goma, ambaye mara mbili aliitumia shule jezi na mipira. Wa pili alitoka Walikale. Alikuwa amekimbia vita na familia yake, na kambini aliwakusanya watoto kila jioni akawafundisha mpira. Alikuwa pia na cheti cha ukocha.

Mmoja wetu aliandika: "Tupatie mutu ya kwetu." Wengine wakaitikia. Mimi pia niliandika "ndiyo". Mjadala haukumaliza robo saa, na hakuna aliyeuliza kati ya hao wawili nani angefundisha nini, wala nani angeweza kufika uwanjani.

Nahodha akapewa kazi. Alifika siku ambazo barabara iliruhusu, na mara nyingi haikuruhusu. Simlaumu, kwa kuwa hakujichagua. Tuliomchagua ni sisi, kwa neno moja ambalo hatukulipima. Na kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa isimu, naona ni wajibu wangu kulipima sasa, hata kama nimechelewa.

Tazama a-unganifu. Tunasema mlango wa mbao, chai ya asubuhi, mtoto wa Amina, mtu wa Masisi, mtu wa kazi. Umbo ni lile lile, lakini uhusiano unabadilika kila mara: kitu kilichotumika, wakati, uzazi, asili, tabia. Msikilizaji ndiye anayejaza pengo. Kwa hiyo mtu akisema "tunataka mtu wa shule hii", anaweza kumaanisha aliyesoma hapa, au anayeishi hapa, au anayeipenda shule hii kiasi cha kuitoa jasho. Hizo ni sifa tatu, na mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine mbili. Sisi tulitamka moja tukadhani tumepata zote.

Marekani, ambako michezo ya vyuo vikuu ni biashara kubwa, neno hilo hilo liliwahi kuumbua watu. Mwaka 1989, siku chache kabla ya mashindano ya kitaifa ya mpira wa kikapu, kocha wa Chuo Kikuu cha Michigan, Bill Frieder, alikubali kazi Arizona State. Mkurugenzi wa michezo, Bo Schembechler, alikataa asiiongoze timu hata kwa mechi moja zaidi, akasema timu ya Michigan itafundishwa na mtu wa Michigan. Akamkabidhi msaidizi wake, Steve Fisher. Fisher alishinda mechi zote sita na kutwaa ubingwa. Sasa angalia: Frieder aliyeondolewa alikuwa amesoma Michigan, na Fisher aliyeitwa mtu wa Michigan alikuwa amesoma Illinois State. Kwa hiyo hata wale wanaojivunia ukoo wa chuo, siku ya shida walipotaka mtu wao, walimtafuta aliyebaki kazini. Cheti cha kuhitimu hakikuulizwa.

Najua hoja ya upande wa pili, na siidharau. Watu watasema kwamba huku kwetu kocha wa shule halipwi vya kutosha, wakati mwingine halipwi kabisa, na mgeni akipata penye nafuu ataondoka. Mtu wa nyumbani anawajua wazazi, anaijua historia ya timu, na vijana wanamheshimu kwa sababu walimwona akicheza. Ni kweli. TP Mazembe ya Lubumbashi ilitwaa Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2017 chini ya Pamphile Mihayo, ambaye alikuwa mchezaji wake. Lakini klabu hiyo hiyo, mwaka 2010, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikafungwa na Inter Milan 3-0 kule Abu Dhabi, na kocha wake wakati huo alikuwa Lamine N'Diaye, Msenegali. Mifano hiyo miwili haigombani. Klabu inayotaka kushinda humchukua wa nyumbani anapofaa, na humchukua wa mbali anapofaa. Uaminifu ni sifa ya kweli, ila nao upimwe kama sifa nyingine. Yule baba wa Walikale alikuwa amekwisha kuonyesha uaminifu wake kwa watoto ambao hata si wa shule yoyote. Sisi tulihesabu jezi.

Tena Masisi na Walikale neno hili lina uzito ambao halina Michigan wala Lubumbashi. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi, na chini yake kulikuwa na swali la nani mwenyeji na nani mgeni. Sisemi kwamba kuchagua kocha ni sawa na kumwaga damu. Nasema kijana hujifunza maana ya "sisi" mahali padogo kwanza: darasani, kanisani, uwanjani. Kiswahili hakitofautishi "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje. Neno "wetu" linafungua mlango au kuufunga kwa sauti ile ile. Timu inayoundwa kwa "mutu ya kwetu" inamfundisha kijana wa miaka 15 kwamba mlango ufungwe, na kwamba hakuna haja ya kueleza sababu.

Wapo wa kwetu waliofanya kinyume. Kahombo Mateene, msemaji wa Kinyanga cha Walikale, alishirikiana na Daniel Biebuyck kuchapisha utendi wa Mwindo mwaka 1969. Tunamkumbuka kwa kazi hiyo, na ni haki. Lakini Mateene huyo huyo aliandika pia sarufi ya Kihunde, lugha ya majirani wa Masisi, iliyochapishwa mwaka 1992. Katika uainishaji wa Guthrie lugha hizo mbili hazimo hata kundi moja: Kinyanga ni D43, Kihunde D51. Tungesema Kihunde kiandikwe na mtu wa kwetu tu, sisi watu wa Masisi tungeikosa sarufi hiyo. Aliyeiandika alikuwa mtu wa kazi.

Sasa naomba tusiishie uwanjani. Katika vitivo vyetu vya lugha pia nafasi za usaidizi mara nyingi hujazwa kwa kuangalia nani alisoma kwa nani. Wengi wa waliochaguliwa hivyo ni hodari, lakini hawatapata kamwe nafasi ya kuthibitisha kwamba walichaguliwa kwa uhodari wao. Hilo nalo ni deni tunalowabebesha.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha. Nafasi itangazwe, hata kama ni kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni na kusomwa kanisani na sokoni. Sifa ziandikwe kabla ya majina kuletwa, maana majina yakitangulia sifa hushonwa zimkae mtu tuliyekwisha kumpenda. Kila mwombaji aulizwe maswali yale yale. Aliye na undugu au urafiki na mwombaji atoke chumbani wakati wa kuamua. Na uaminifu uwe swali miongoni mwa maswali, tena swali la wazi: utaishi wapi, utafika mara ngapi kwa wiki, umewahi kufanya nini kwa vijana ambao hukulazimika kuwasaidia? Nahodha wetu angeweza kuyajibu vizuri na kushinda. Basi angeshinda kwa haki, na yule wa pili angeondoka akijua alishindwa kwa nini.

Wahadhiri wetu hutufundisha kwamba maana ya neno hukaa katika matumizi. Nakubali, na ndiyo maana siwezi kusema kwamba "ndiyo" yangu ilikuwa neno dogo. Ilitumika kumfungia mlango mtu ambaye sijawahi kumwona. Siku shule ile itakapotafuta kocha tena, nitauliza kwanza: wa kwetu, maana yake nini?