Gitaa Chini ya Kitanda



Mzazi mmoja wa kigango cha huku kwetu Kibaha ameniletea swali. Kijana wake aliuza korosho zake akanunua gitaa. Baba mtu akalichukua, akalificha chini ya kitanda, kwani kwake gitaa na pombe ni ndugu. Anauliza kama amefanya vema.

Naona amefanya haraka. Tumtazame Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, naye alikuwa na jina la mtakatifu mlezi wa vijana. Mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey, aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akinasa nyimbo, alimkuta akipiga gitaa barabarani mjini Jadotville, ambao sasa huitwa Likasi. Akamnasa, na wimbo wake "Masanga" ukafika mbali sana.

Ajabu ilikuwa katika mkono wake wa kulia. Gitaa moja, lisilo na umeme, na vidole viwili tu. Kidole gumba kilipiga nyuzi nene bila kukosa mwendo, kama mama anayetwanga. Kidole cha shahada kikachezea nyuzi nyembamba, kikipachika sauti katikati ya mapigo. Asiyemwona angeapa kwamba wapigaji ni wawili. Mlevi haiwezi kazi hiyo, hata akitaka.

Hapa nchini, katika gitaa la umeme, tulikuwa na Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944. Aliimba, kisha akaliacha gitaa liseme yaliyobaki. Mwaka 1970 yeye na Morogoro Jazz walipiga muziki huko Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34 tu.

Na huko Marekani, kabla ya Chuck Berry na wenzake wa rock and roll, alikuwako mama mmoja, Sister Rosetta Tharpe. (Si mtawa, ni Mprotestanti aliyeitwa hivyo.) Huyo alikulia kanisani na gitaa lake, akimwimbia Mungu.

Hofu ya baba naielewa. Vilabu vipo, na usiku gitaa huitwa huko kuliko kwingine. Lakini kijana aliyenyang'anywa gitaa nyumbani atakwenda kuliazima huko huko kilabuni. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliruhusu katika ibada vyombo vingine zaidi ya kinanda, mradi vifae na wakuu wa Kanisa wakubali.

Basi mzee wangu, mrudishie. Aanze na kidole gumba peke yake, wiki nzima, mpaka mwendo usitetereke. Na kabla ya kuliingiza kanisani, amwone kwanza mwalimu wa kwaya.